Boti yangu imeacha kutikisika na sasa inalala taratibu: imetulia au iko hatarini?

*"Nina boti ya uvuvi ya mbao yenye sitaha, urefu mita 12, upana mita 4. Sitaha iko kama sentimita 55 juu ya maji. Mwaka huu nimeiboresha: nimetoa kibanda cha mbao nikaweka chumba cha usukani cha chuma, juu ya paa nimepachika tangi la dizeli la lita 500 ili mafuta yashuke yenyewe kwenye injini, na sitahani nimefunga winchi yenye mlingoti na mkono wa kunyanyulia nyavu. Zamani boti ilikuwa inatikisika haraka haraka mpaka masufuria yanaanguka. Sasa inalala upande taratibu, inakaa kidogo, halafu inarudi. Nimehesabu, ni kama sekunde 6 kwenda na kurudi. Mabaharia wangu wanaisifu, wanasema imekuwa nzito na imetulia kama meli. Mzee mmoja tu aliyevua miaka mingi ndiye aliyekataa kupanda. Fundi anasema kama nina wasiwasi nijaze mifuko ya mchanga chini, na kwamba hata trola za uvuvi zilizochukuliwa na jeshi wakati wa vita zilifungwa mizinga sitahani na hazikupinduka. Nani ana haki hapa?"*

Mzee ndiye mwenye haki, na ningependa umwambie hivyo. Kabla hatujaingia kwenye sababu, fanya jambo moja leo: toa dizeli yote iliyo juu ya paa, na boti ibaki imefungwa mpaka uelewe ni nini kimebadilika. Sisemi itapinduka kesho. Nasema akiba yake ya kurudi wima imepungua mno, na upungufu huo hauonekani ukiwa umefunga kamba gatini. Huonekana siku upepo umekaza na wavu umejaa.

Swali lako ukilivua maelezo linabaki hivi: boti iliyo nzito zaidi, inayoyumba polepole zaidi, si ndiyo iliyotulia zaidi? Watu wengi, hata waliokulia kwenye maji, wangejibu ndiyo. Mwili ndio unaotudanganya. Tumbo na miguu hupenda mwendo wa taratibu, basi tunauita utulivu. Kumbe kwa boti ya ukubwa wako mwendo huo ndio dalili ya kwanza kwamba uzito umepanda juu kuliko inavyofaa.

Hebu tuone kinachotokea chini ya sitaha. Uzito wote wa boti, yaani mbao, injini, mafuta, barafu na watu, huvuta kwenda chini kana kwamba umekusanywa katika nukta moja. Hiyo ni kitovu cha uzito. Maji nayo husukuma kwenda juu kupitia katikati ya ile sehemu ya boti iliyozama. Hiyo ni nukta ya pili, kitovu cha kuelea. Boti ikiwa wima, nukta hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja na hakuna anayemshinda mwenzake. Boti ikilala kulia, ubavu wa kulia unazama zaidi na wa kushoto unatoka majini, kwa hiyo kitovu cha kuelea kinahamia kulia. Sasa maji yanasukuma juu upande wa kulia huku uzito ukivuta chini karibu na katikati. Jozi hiyo ya nguvu ndiyo inayoirudisha boti wima. Hakuna kitu kingine kinachoirudisha: si ugumu wa mbao, si ukubwa wa injini, si ustadi wa nahodha.

Ukipandisha kitovu cha uzito, boti inapolala nacho kinaegemea upande ule ule. Umbali kati ya nguvu mbili hizo unapungua, na nguvu ya kurudi inapungua nayo. Ukizidi kukipandisha utafika mahali ambapo hakuna nguvu ya kurudi kabisa, na ukipita hapo, nguvu zile zile zilizokuwa zinairudisha boti ndizo zitakazoipindua. Juu ya kitovu cha uzito kuna nukta ya kufikirika iitwayo metasenta, na ndiyo mpaka wenyewe. Urefu kutoka kitovu cha uzito hadi metasenta wakaguzi huuita GM. Ukisikia mtu wa vyombo anataja GM, anataja akiba ya boti kurudi wima ikilala kidogo.

Akiba hiyo ikiwa kubwa, boti hurudishwa kwa nguvu, kwa hiyo hutikisika kwa kushtuka na kuangusha masufuria. Ikiwa ndogo, hurudishwa kwa uvivu. Ndiyo maana masufuria yako kuanguka ilikuwa habari njema, ingawa najua mpishi hatakubaliana nami. Na kule "kukaa kidogo" kabla ya kurudi ulikokutaja ndiko kulikonitia hofu kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Boti inayosita mwisho wa mlalo iko kwenye ukingo wa nguvu zake.

Mabaharia wanaposema imetulia kama meli, wanalinganisha vitu visivyolingana. Muda wa kuyumba hutegemea pia upana. Meli yenye upana wa mita 30 inaweza kuchukua sekunde 16 kwenda na kurudi ikiwa bado na GM ya zaidi ya mita 2. Boti ya mita 4 ikianza kuiga mwendo wa meli imepoteza kitu.

Kiasi gani imepoteza tunaweza kukadiria. Kanuni ya kazi ni hii: zidisha upana wa boti kwa mita na 0.8, gawanya kwa sekunde za kuyumba, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Namba ile ya 0.8 hubadilika kidogo kwa aina ya chombo, lakini kwa boti kama yako inafaa kuanzia. Mita 4 mara 0.8 ni 3.2, ukigawa kwa sekunde 6 unapata 0.53, mara yenyewe ni 0.28. Kwa hiyo GM yako ni karibu sentimita 28. Mkataba wa Cape Town wa 2012, uliopitishwa chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, kwa meli za uvuvi za mita 24 na zaidi, unataka isipungue sentimita 35 kwa chombo cha sitaha moja. Kwa vyombo vidogo kuna kipimo rahisi zaidi kilichomo kwenye miongozo ya pamoja ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), ILO (shirika la kazi) na IMO: sekunde za kuyumba zisizidi mita za upana. Upana wako ni mita 4, sekunde zako ni 6.

Rudia kipimo hicho vizuri, maana kuhesabu ukiwa kwenye mawimbi hukupa muda wa wimbi badala ya muda wa boti. Chagua maji yaliyotulia, yenye kina cha kutosha chini ya mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa boti. Legeza kamba zote zisiivute boti. Funga kila kinachoweza kuteleza. Watu wawili watatu wasimame ubavuni na kuitingisha kwa kuhamisha uzito wao, wakifuatisha mwendo wake, kisha waache na wasimame katikati. Anza kuhesabu boti ikiwa imelala kabisa upande mmoja. Ikienda upande wa pili na kurudi pale pale, hiyo ni moja. Pima kadhaa mfululizo ugawanye. Andika jibu pamoja na hali ya boti siku hiyo: mafuta kiasi gani, barafu kiasi gani, nyavu ziko wapi. Rudia kipimo hiki kila baada ya miezi michache. Mbao hunyonya maji, rangi huongezwa juu ya rangi, minyororo na vipuri husahaulika kwenye pembe za sitaha, na boti hunenepa bila mtu kuona.

Sasa tutafute sentimita zilizopotea. Sijaiona boti yako, kwa hiyo haya ni makadirio ya mkono. Tuseme zamani, ikiwa na mzigo wa kawaida, ilikuwa na tani 15. Chumba cha chuma, baada ya kutoa uzito wa kibanda cha zamani, tukiweke kilo 700, mita mbili na nusu juu ya kitovu cha zamani cha uzito. Tangi na dizeli yake ni kilo 500, mita tatu na nusu juu. Winchi, mlingoti na mkono wake ni kilo 600, kwa wastani mita moja na nusu juu. Ukizidisha kila uzito kwa kimo chake, ukajumlisha, ukagawa kwa uzito mpya wa boti wa tani 16.8, unakuta kitovu cha uzito kimepanda kama sentimita 26. Yaani boti iliyokuwa na GM ya karibu sentimita 60 imeshuka hadi 34, na zile chache zinazobaki kufikia 28 si ajabu zimeliwa na nyavu zilizorundikwa juu ya sitaha au chuma kilichozidi makadirio yangu. Angalia tangi lilivyofanya: ni dogo kuliko vyote vitatu kwa uzito, lakini limeharibu sawasawa na chumba kizima cha chuma, kwa sababu ya mahali lilipo.

Uzito wa juu huua pia bila mtu kuubeba kwa mikono. Januari na Februari 1968 trola tatu kutoka mji wa Hull, Uingereza, zilipotea katika majira yale yale ya baridi na watu 58 wakafa. Ya mwisho, Ross Cleveland, ilikuwa imejihifadhi kwenye ghuba ya Iceland huku barafu ikiganda kwenye milingoti na kamba zake kwa kasi kubwa kuliko mabaharia walivyoweza kuivunja. Ilipinduka, akanusurika mtu mmoja. Meli hizo zilikuwa imara, zilizojengwa kwa bahari ya kaskazini. Barafu haikuitoboa Ross Cleveland, iliilemea kutoka juu.

Turudi kwako. Winchi ndiyo hatari ambayo hukuiuliza. Mzigo ukiwa juu ya sitaha, uzito wake uko sitahani. Unaponing'inia kwenye kapi, tangu pale tu unapoachana na sitaha au maji, boti inauhisi ukiwa juu kabisa, kwenye kapi lenyewe, hata kama samaki wanagusa karibu na ukingo. Chukua wavu wenye nusu tani, kapi liko mita 4 juu ya kitovu cha uzito, na mkono umetoka mita mbili na nusu kutoka katikati. Kwa hali ya sasa, GM yako ya sentimita 28 inashuka hadi 16 hivi, na boti inalala karibu nyuzi 24. Kwa akiba yake ya zamani mzigo ule ule ungeilaza nyuzi 10. Sitaha yako ikiwa sentimita 55 juu ya maji, ukingo wake unaanza kuzama kwenye nyuzi 15. Ukingo ukishazama maji yanapanda sitahani, na hapo ndipo hadithi nyingi za boti zilizozama huanzia.

Maji yaliyo huru hayatulii mahali pamoja kama mzigo. Kila atakayebeba beseni lililojaa nusu anajua linavyomvuta upande anaoinamia. Bahari ikiilaza boti kulia, maji yote ya sitahani yanakimbilia kulia, uzito unahama upande ule ule mbaya, na nguvu ya kurudi inapotea wakati inapohitajika. Kinachotisha ni kwamba upana ndio unaoamua, na athari yake hukua kwa haraka sana. Tangi lako la paani, likiwa nusu, linakula kama sentimita moja tu ya GM kwa sababu ni jembamba. Sitaha yenye maji yanayoenea mita 6 kwa karibu mita 4, kwa hesabu ya vitabuni, hula zaidi ya mita moja na nusu. Katika hali halisi maji machache hukusanyika pembeni mapema na hasara ikawa pungufu ya hapo, lakini hata ukikata nusu, hata ukikata robo tatu, akiba yako yote ya sentimita 28 imekwenda. Ndiyo maana matundu ya kutolea maji ubavuni hayazibwi kwa matambara ili samaki wadogo wasitoke. Mabaharia huyaziba, na nimeyakuta yamezibwa kwenye vyombo ambavyo vingine vyote vilikuwa safi.

Ikiwa unadhani hilo ni la boti ndogo tu, feri ya Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 kwa sababu ilitoka na milango yake ya omo, yaani ya mbele, ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sitaha pana ya magari isiyo na kuta za kuyagawa, na chini ya dakika mbili meli ilikuwa imelala. Walikufa watu 193. Samaki waliomwagwa ovyo kwenye ghala, pamoja na barafu iliyoyeyuka, hufanya mwendo ule ule. Weka mbao za kugawa ghala kwa urefu wa boti. Sehemu moja pana ikigawanywa mbili kushoto na kulia, madhara yanabaki robo. Ikigawanywa tatu, yanabaki sehemu moja ya tisa. Sijui kazi nyingine ya mbao chache inayolipa hivyo.

Tuje kwa fundi na mifuko yake ya mchanga. Fundi hakukosea wazo: farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, ikiwekwa chini hushusha kitovu cha uzito, na majahazi yametumia mawe kwa kazi hiyo tangu zamani. Amekosea kudhani haina gharama. Tani moja ya mchanga kwenye boti yako, ikiwa kama sentimita 80 chini ya kitovu cha uzito, itarudisha GM sentimita nne na nusu hivi. Kushusha tangi la paani hadi karibu na mkuku kutarudisha kama sentimita 12, bila kuongeza hata kilo. Ili mchanga ufanye kazi ya tangi moja utahitaji karibu tani tatu. Uzito uliokwisha kuuongeza umeizamisha boti kama sentimita tano au sita, na tani tatu za mchanga zitaizamisha nyingine karibu tisa. Sitaha yako iko sentimita 55. Unaona tunakoelekea.

Ubavu ulio juu ya maji si urembo. Ndio unaoendelea kuongeza nguvu ya kurudi boti inapolala sana, kwa sababu ubavu unaozama ndio unaohamisha kitovu cha kuelea. GM inakwambia habari za mlalo mdogo tu. Waingereza walijifunza hilo kwa HMS Captain, manowari ya mizinga ya mnara iliyojengwa kwa ubavu mfupi na ambayo, ilipokamilika, ikawa nzito kuliko mpango: ubavu juu ya maji ulipaswa kuwa futi 8, ukawa futi 6 na nusu. Kwenye mlalo mdogo haikuwa na neno. Lakini nguvu yake ya kurudi ilifika kilele kwenye nyuzi 21 na kuisha kwenye nyuzi 54. HMS Monarch, iliyokuwa nayo katika msafara mmoja, ilikuwa na ubavu mrefu na kilele chake kilikuwa nyuzi 40. Usiku wa kuamkia 7 Septemba 1870, nje ya Finisterre, pwani ya Uhispania, upepo mkali uliwakuta pamoja. Monarch ilirudi bandarini. Captain ilipinduka na watu zaidi ya 470, akiwamo Cowper Coles, aliyeibuni.

Na Vasa, manowari ya Uswidi, ile iliyozama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628 ikiwa haijakwenda hata kilomita moja na nusu ya safari yake ya kwanza, ni kisa cha mchanga wa fundi wako hasa. Kabla ya safari mabaharia 30 walikimbizwa sitahani kutoka ubavu hadi ubavu ili kuijaribu. Walikwenda mara tatu, admirali akaamuru waache, kwa hofu kwamba meli ingepindukia pale pale gatini. Jaribio lilisema kweli, na meli ikatoka. Watu huuliza kwa nini hawakuongeza mawe chini. Wangeyaongeza, madirisha ya mizinga ya chini yangeshuka karibu zaidi na maji, na ni kupitia madirisha hayo hayo maji yaliingia upepo mdogo ulipoilaza.

Mchanga wenyewe nao si rafiki wa boti ya mbao. Mifuko hupasuka, mchanga huziba njia za maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya boti, na kuua pampu, na boti ikilala sana mifuko huteleza upande wa chini. Kama mkaguzi atasema unahitaji farumi, iwe vipande vya chuma au risasi vilivyofungwa imara chini ya mbao za sakafu, na vitoke kirahisi ukitaka kukagua mbao. Saruji usimwage, chini yake mbao huoza usione.

Hoja ya trola za kivita nimeisikia mara nyingi, na ina chembe ya ukweli. Katika vita vyote viwili vya dunia jeshi la majini la Uingereza lilichukua mamia ya trola za uvuvi kufagia mabomu ya baharini na kuwinda nyambizi. Lilizipenda kwa sababu zilizaliwa kwa kazi hiyo: zilikuwa na winchi zenye nguvu, zilivuta waya mrefu nyuma ya tezi, na mabaharia wake walijua kukokota kitu kizito kwenye bahari chafu. Lakini zilikuwa meli za tani mamia, zenye boila na injini za mvuke zilizokaa chini kabisa. Wewe umeongeza karibu tani mbili kwenye boti ya tani 15. Kwa trola ya tani 500, hiyo ni sawa na kuipandisha tani 60 juu ya sitaha, na hakuna mhandisi wa jeshi ambaye angeweka saini. Tena si kweli kwamba hazikuzama kwa bahari. Nyingi ziliuawa na mabomu na ndege, kadhaa zilimezwa na dhoruba.

Kuna jambo moja la hatari la kuwafundisha mabaharia wako hata kabla ya marekebisho. Ikiwa siku moja boti italala upande bila sababu, haina mzigo wa upande mmoja wala upepo, na mara ikageuka ikalala upande mwingine, GM yake imekwisha kabisa. Kila mtu atataka kukimbilia upande ulioinuka au kuhamishia mzigo huko. Wasifanye hivyo. Boti itajitupa upande wa pili kwa kasi na pengine isisimame. Kinachosaidia ni kushusha uzito: teremsha wavu unaoning'inia, ingiza vitu vya sitahani ghalani, toa maji yaliyo huru, mzigo wa juu utupwe baharini ikibidi. Na tezi isikae kwenye mawimbi makubwa yanayokuja kwa nyuma, maana boti ikiwa juu ya mgongo wa wimbi lenye mwendo wake hupoteza sehemu ya nguvu ya kurudi kwa sekunde kadhaa, na sekunde kadhaa zinatosha.

Chombo kikishapinduka na kubaki kinaelea, hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayokishikilia. MV Bukoba ilipopinduka Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imezidisha abiria, tumbo lake lilibaki juu ya maji na watu walisikika wakigonga ndani. Lilitobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, meli ikazama. Kilichofungiwa chini hakifikiki tena, kwa hiyo majaketi okozi yakae mahali mtu anapoyafikia akiwa sitahani, yasifungiwe kwenye chumba cha chini.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kurudisha kila kitu kama zamani. Ni salama, na ni hasara ya pesa uliyotumia. Ya pili, ambayo ningeichagua kama boti ingekuwa yangu, ni kushusha tangi chini na kuweka pampu ndogo ya kupandishia mafuta, kubadilisha kuta na paa la chumba cha usukani kuwa mbao nyepesi au alumini, kubakiza winchi lakini kufupisha mlingoti, na kuweka kikomo cha uzito wa kunyanyua kilichoandikwa kwenye winchi yenyewe. Faida unayoitaka inatokana na winchi. Chumba cha chuma kinakupa nini ambacho mbao hazikukupa? Ya tatu ni kuongeza upana wa boti kwa kujengea mbavu za pembeni. Hufanya kazi vizuri sana, kwa kuwa upana ndio unaopandisha metasenta, lakini ni kazi ya mchoro na hesabu, na kwa boti ya mbao iliyozeeka huenda isistahili. Usimruhusu mtu aianze kwa macho.

Kwa njia yoyote utakayochagua, hesabu zangu hazitoshi kukurudisha baharini. Tafuta mhandisi wa vyombo vya majini au mkaguzi aliyesajiliwa na mamlaka ya usafiri wa majini ya nchi yako, aje aione boti kwa macho. Atafanya jaribio la kuinamisha, na ukilielewa utajua kama anafanya kazi au anasaini karatasi. Atataka maji yaliyotulia, ngama kavu, matangi yawe yamejaa kabisa au matupu, na watu wasiohusika washuke. Atatundika timazi ndefu ghalani, risasi yake ikiwa ndani ya ndoo ya maji au mafuta ili isicheze, na rula mbele ya uzi. Kisha atahamisha uzito unaojulikana kutoka ubavu hadi ubavu na kusoma uzi umesogea kiasi gani. Kwa boti ya tani 15 yenye GM ya sentimita 40, kilo 100 zikihamishwa mita 3, uzi wa mita 2 husogea sentimita 10. Ukisogea 20, GM ni nusu ya hiyo. Akija bila timazi wala kifaa kingine cha kupimia mlalo, akaitazama boti kutoka gatini na kusema iko sawa, mshukuru utafute mwingine.

Mwite mapema ashauri kabla hujakata chuma, lakini jaribio lenyewe lifanyike baada ya tangi kushuka na chumba kubadilishwa, kwa sababu kila mabadiliko makubwa hulifuta na itabidi ulirudie. Umwombe akuandikie kwa lugha ambayo nahodha wako anaisoma: mwisho wa mzigo ghalani, mwisho wa uzito kwenye kapi, na matangi yapi yatumike kwanza. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya chumba cha usukani.